Malaika ya Miguuni

Aliniuliza nimeinamia korosho, nabangua,
vidole vimejaa majivu.
Swali alilitupa kama mtu anayeomba chumvi:
"Mama, miguu nitanyoa lini?"

Nikamwambia, ngoja.
Ngoja ni neno jepesi, halina gharama,
hapa Newala hata bomba linatuambia hivyo hivyo.

Zamda ana miaka kumi na mitatu na miezi.
Miezi anaihesabu yeye,
mimi niliishia kwenye kumi na mitatu.
Kidato cha kwanza, mfungaji wa netiboli,
kaptura za timu zimeletwa fupi
na wavulana wanaosimama nyuma ya goli wamempa jina.
Hakunitajia. Nililiokota kwa mdogo wake,
aliyelitamka akicheka, kisha akaacha kucheka:
Beberu.

Nikampigia baba yake, yuko Tunduru.
Alinyamaza mpaka nikadhani salio limekwisha.
"Hayo," akasema, "ni yenu."
Wifi yangu Bi Somoe akasema zikinyolewa hurudi kama mabua,
na tena, msichana wa miaka hiyo anamnyolea nani?
Swali hilo nililala nalo.
Halikuniachia nafasi kitandani.

Maana Desemba tulimtoa unyagoni.
Tulimnyoa kichwa kizima, kikang'aa mafuta,
ngoma inalia, vigelegele,
mimi mwenyewe nikamtunza noti.
Hakuna aliyemuuliza.
Leo anauliza mwenyewe, wembe ni uleule,
nami nasema ngoja.

Mtoto tunamwita malaika.
Na hiyo ya miguuni, nayo malaika.
Alizaliwa nayo mabegani na mgongoni,
mama yangu akaipaka mafuta ya nazi, akasema itapukutika,
ikapukutika.
Hii ya sasa haina mpango huo.

Alhamisi amerudi shule, akabadili upesi, akavaa dera,
jua la saa tisa, jasho linamtoka.
Nikalipandisha kidogo.
Mguu mmoja laini, umekatika mahali patatu,
damu imekauka. Wembe wa kuchongea penseli.
Mguu wa pili uko kama alivyouumba Mungu.
"Kengele ililia," akasema.

Nilicheka. Sikukusudia, nilicheka,
naye akalia,
nami nikaona haya, nikafunua kanga
nikamwonyesha kovu la kwenye muundi.
Siku zote nimemwambia ni baiskeli.
Si baiskeli.
Nilikuwa na miaka kumi na miwili, Kitangari,
rafiki aliniambia mafuta ya ganda la korosho huondoa nywele.
Yaliondoa.
Yaliondoa na ngozi.
Mama sikumuuliza. Nilijua angesema ngoja.

Nikaenda dukani kwa Mchopa, wembe mpya, shilingi mia mbili.
Nikatoa nusu ndoo ya maji,
maji ya kununua, wifi asisikie,
tukaipiga sabuni ya mche mpaka ikatoa povu.
Nikauosha ule uliokatika, akauma meno.
Nikamwelekeza: hivi, taratibu,
goti usilikimbilie, mfupa una kona.
Wembe wako ni wako, usimwazime mtu.
Na ukiona hutaki, hutaki,
beberu ana ndevu na bado anakula majani yake.
Hapo akacheka kidogo, kamasi zinamtoka.

Kisha nikamkabidhi wembe kwa ajili ya mguu wa pili
nikazirudia korosho zangu, nimempa mgongo.
Nilisikia maji. Kimya. Maji tena.
Kimya kirefu.

Jumamosi wanacheza na Tandahimba.
Asubuhi nimeukuta wembe dirishani,
umekaushwa, umerudishwa kwenye karatasi yake,
na Zamda anafagia uwanja,
dera limefika mpaka vidoleni.
Sijui.
Safari hii sikulipandisha.