Kikao cha Kubadili Jina

Tulikuwa saba, ghorofa ya pili, Sinza Makaburini,
juu ya duka la vipuri vya pikipiki,
umeme umekatika tangu saa nane.
Ajenda moja: Chawa abaki Chawa, au aitwe vingine.

Jina nililitoa mimi. Niseme mapema, nisijifiche.
Miaka tisa iliyopita programu ilikuwa kurasa nne za msimbo,
kazi yake kuhesabu dawa za zahanati:
vidonge vingapi vimebaki, chupa ipi inaisha muda.
Ilikaa kwenye simu yoyote, hata ya kioo kilichopasuka,
haikuuliza kichwa ni cha nani.
Nikasema, huyu ni chawa. Tukacheka.
Juu ya ukurasa wa kwanza nikaandika
*kidole kimoja hakivunji chawa*,
maana msimbo tuliuacha wazi, kila mwenye kidole aje.

Basi mji ukalichukua neno.
Sikuambiwa siku wala saa.
Nililala chawa ni mdudu,
nikaamka chawa ni mtu
anayemshikia mkubwa mwavuli jua likiwa limeshazama,
anayepiga makofi kabla sentensi haijaisha.

"Niliipeleka Temeke," alisema Sikudhani,
"mganga mfawidhi akanitazama toka viatu hadi kilemba:
Chawa wa nani?
Nikamwambia, wa wote.
Akasema, hao ndio wabaya zaidi."

Elineema, mshika mfuko, alikohoa.
Mfadhili aliwahi kuuliza maana ya jina;
akamjibu: mdudu mdogo, mwenye bidii.
"Sikusema uongo," alisema. "Ila sikulala vizuri."

Lusajo hakutaka kusikia.
"Neno likiibiwa, unamfuata mwizi
au unambadili mwanao jina?
Leo tukikimbia, kesho watachukua na Mizani, watachukua na Tunza..."
"Tunza lina wenyewe," mtu alidakia. "Wauza nepi."

Kisha Tumpale, mdogo wetu, aliyekuja kujifunza
akabaki kurekebisha makosa yetu usiku,
aliuliza kwa sauti ya kuomba chumvi:
"Kaka, ile methali. Ndani yake chawa ndiye anayevunjwa.
Sasa sisi ni vidole, au ni nani?"

Miaka tisa. Hakuna aliyewahi kuuliza.

Tulipiga kura kwa vifuniko vya soda, kila mtu arushe chake:
kikitazama juu, abaki; kikiinama, aende.
Usicheke. Tulishabishana saa tatu.
Vitatu vikatazama juu, vitatu vikainama,
kimoja kikabingirika chini ya kabati,
nacho kilikuwa changu.

Ndipo simu ikalia. Nesi Mwanakombo, Mbagala Kizuiani:
stoo haifunguki, foleni ya kina mama imefika barabarani.
Nikaweka sauti kubwa, wote wasikie.
"Programu gani, dada?" Lusajo akamtega.
"Si hii hii."
"Jina lake?"
Kimya. Kitoto kikalia huko, mtu akaita namba ishirini na mbili.
"Kwani ina jina? Sisi tunaiita ile ya dawa."

Tumpale alishavuta kompyuta, betri asilimia kumi na moja.
Neno lilimsubiri kila mstari:
chawa_fungua, chawa_hesabu, chawa_funga,
mara elfu mbili mia tatu na sita, alituambia baadaye,
na kuling'oa bila kuvunja kitu ni kazi ya miezi.

Stoo ikafunguka.
Nesi akakata bila kuaga.

Elineema akaandika kwenye muhtasari: *limeahirishwa*.
Nilipiga magoti na tochi ya simu, nikapapasa chini ya kabati:
kalamu, maganda ya karanga, risiti ya mwaka juzi.
Kifuniko sikukiona.
Juu yangu walikuwa wamemzunguka Tumpale,
wanasoma pamoja, kwa sauti, mstari kwa mstari,
chawa, chawa, chawa,
na hakuna aliyecheka.