Aya Iliyokatwa

Jumamosi, ukurasa wa kumi na moja,
chini ya tanzia, juu ya matangazo,
mimi hukaa na nyota zangu tano
nikizigawa kama mama wa watoto wengi
agawavyo mnofu wa kuku mmoja.
Wiki hii tamthilia mpya tatu.

"Kasri la Mapenzi" nimeipa moja.
Humo watu hulia mpaka mito inaelea
na wanja haushuki hata chembe.
Tajiri ana ngazi mbili ndani ya nyumba,
kila siri husemewa ngazini
kwa sauti ya kumwita muuza urojo wa mtaa wa pili.
Niliandika: nyumba hii haihitaji mmbea, ina ngazi.
Mhariri alicheka, akaiacha.

"Wakili Subira", tatu.
Ingepata nne, lakini hakimu ana nyundo.
Miaka kumi na minne nimeandika habari za mahakama pale Vuga,
nyundo nimeiona siku moja tu,
mkononi mwa fundi aliyekuja kutengeneza benchi.

"Msimu wa Karafuu" wanasema ni Pemba.
Pemba ipi?
Karafuu zinaanikwa asubuhi, adhuhuri zimo guniani.
Mchumaji kavaa raba nyeupe.
Kijana wa Mtambwe anafungua mdomo
inatoka Kariakoo nzima;
kwetu Wete hata paka angemsahihisha.
Nikatoa nyota mbili, moja nikairudisha mfukoni.

Hayo yote yalichapwa.
Msomaji wa Kengeja akapiga simu: una kijicho.
Mwengine hakutaja jina: umesoma sana, hujaishi.
Sikuwajibu. Jibu lilikuwa katika aya ya mwisho,
na aya ya mwisho haikutoka,
kwa kuwa saa kumi za jioni liliingia tangazo la saruji,
limelipiwa taslimu.

Ilikuwa hivi:

Sehemu ya nne, ndugu wawili wanagombea shamba,
wanatiana vidole vya macho.
Msiwatazame wao. Tazameni nyuma yao, kulia,
penye mlango wa uani.
Bibi kakaa na ungo, anachagua mchele.
Kaka anasema, nitakuua.
Bibi anatoa chuya.
Mdogo anasema, niue.
Bibi anatoa kijiwe,
anakiinua kwenye mwanga, anakikazia macho
kama mtu anayesoma barua ya deni,
wala hakitupi.
Anakifunga pindoni mwa kanga, fundo mbili.
Kwa nini? Hakuna anayetwambia.
Huyu ndiye mwigizaji pekee wa msimu huu
na jina lake halimo katika orodha.
Nyota tano.

Jumatatu nikamtafuta.
Hiyo Pemba yao iko Kikwajuni;
niliujua ukuta kwa namba ya maji iliyoandikwa kwa rangi nyekundu.
Bi Mgeni Khatibu alinifungulia, mikono ina unga.

"Kuigiza? Mie?
Walikuja na mataa yao, wakanambia, bibi, kaa ndani.
Saa ya mchele ikafika, nikatoka.
Wale vijana waligombana mara saba, maneno yale yale.
Hata nikataka kuwambia, mwanangu, mpe nduguyo shamba
tupate kupika."

Na kijiwe?

"Kijiwe gani?"

Nikamweleza: ule mwanga, yale macho, lile fundo.
Alifikiri, akapangusa mikono kwenye kanga,
pengine ile ile.

"Aa. Kile nilikiweka nikamwoneshe Mzee Shaame wa dukani.
Kila siku ananiuzia kilo,
na kilo yenyewe robo mawe."

Nilisimama pale mlangoni na kalamu yangu,
nikitafuta jinsi ya kuipokonya nyota,
na nyota haikutaka.

Akaniuliza: "Kwani mchele ulionekana?"
Ulionekana, Bi Mgeni. Punje kwa punje.
"Na kijiwe?"
Na kijiwe.
Akatabasamu kwa mara ya kwanza,
akasogea, akashusha sauti:

"Shaame naye, huko kwake, anayo tivii?"