Bluu Tupu

Mara tatu nimepaka kohozi lako kwenye kioo,
nikalipasha moto, nikalitia rangi, nikaliosha kwa asidi,
nikainamia hadubini hadi shingo ikaniuma.
Natafuta vijiti vyekundu. Naona bluu,
bluu kama anga la Kibaigwa mwezi wa tisa,
lisilo hata na wingu la kudanganyia watu.

Nikaandika: hakuna.

Lakini hapa, Perusi, mtu akikohoa miezi miwili
na nguo zikaanza kumning'inia,
jina la ugonjwa huwa limeshatangulia kufika.
Ulipewa vidonge. Mkojo ukawa rangi ya soda ya chungwa.
Mama mkwe akakutengea kikombe cha bati,
akakifunga uzi kwenye kishikio kisije kikachanganyika.
Pale sokoni unapopepeta mahindi
wenzako wakasogeza magunia yao.

Miezi sita. Ulimeza vyote.
Kifua kikabaki kizito, jicho likawa jekundu,
na kwenye miundi yakatoka mabonge
yanayouma hata yakiguswa na khanga.

Dokta Nyaulingo ndiye aliyeinua picha dirishani:
matezi yamevimba pande zote mbili,
sawasawa, kama mtu aliyebeba ndoo mbili.
Akaja kwangu, akafungua daftari langu mwenyewe.
"Hili 'hakuna' umeliandika mara tatu. Uliliamini?"

Dodoma wakakata kipande cha tezi.
Vinundu, wakaandika, visivyooza katikati.
Sakoidosisi: mama mkwe hulitamka hadi leo
kama jina la mgeni wa serikali.

Usidhani daktari alifurahi. Dawa yake
huwalaza walinzi wa mwili;
kama TB imejificha, umeifungulia mlango.
Akaagiza kohozi tena. Nikatazama asubuhi nzima.
Bluu.
Ndipo akaandika predinisoloni, kalamu ikisita.

Ikaja njaa ya dawa, Februari,
ghala zimebaki vumbi na panya.
Uso ukawa mviringo. Watu wakasema, Perusi kanawiri,
anakula wapi huyo?
Nawe usiku ulikuwa unaamka kukwangua ukoko wa ugali wa uwele.

Jana umepita maabara. Hukohoi.
Umeniambia kikombe bado kina uzi.
"Naogopa kuukata. Ataniuliza nina uhakika gani."

Nikaigeukia hadubini.
Hata mimi, Perusi, sina wa kukugawia.