Kituo Kisicho na Treni

Muulize mtu wa mtaa huu anaishi wapi,
atakwambia: karibu na Kituo.
Kituo gani? Reli ziling'olewa
babu yangu akiwa kijana wa miaka kumi na tisa,
zikauzwa kwa ratili kama chuma chakavu.
Jina likagoma kuondoka.

Mimi Odília Furtado, fundi viatu,
wa tatu kuishika nyundo hii.
Ya wengine wasome kwenye bango la shaba pale kona,
mimi nasoma soli, na leja.

Leja inasema: saa kumi na mbili kasorobo
treni ilivuka daraja kutoka bara
ikamwaga makarani wenye njaa na haraka.
Kati ya behewa na kitanda, hatua mia mbili:
nyama, mkate, dawa ya kikohozi, kiatu kilichoachama.
Hakuna aliyeyapanga maduka haya.
Yaliota abiria walipokanyaga,
kama majani yaotavyo penye bomba linalovuja.

Bwana Oelrich alikata nyama, hakukata maneno;
kidole gumba chake kilikaa mizanini pamoja na nyama,
kila mtu alijua,
kila mtu alinunua.
Mkabala naye, Bi Hatsue Morinaga na majora ya vitambaa,
vifungo ndani ya mitungi ya peremende.

Mwaka wa arobaini na mbili wakapewa siku chache.
Kila mtu na anachoweza kubeba.
Alikuja kwa babu na viatu vya mwanawe:
"Badilisha soli. Nitavifuata."
Babu akakata tikiti, namba 4471.
Na chini yake, siku ileile, mwandiko uleule:
*cherehani, Morinaga, dola nane.*

Dola nane.

Alirudi baada ya miaka mitatu na nusu.
Viatu vilikuwa tayari, vinang'aa kama kioo,
mtoto keshaota mguu wa mtu mzima.
Alilipa senti sitini na tano, akavibeba.
Cherehani hakuiuliza.
Nasi, mdomo tuliushona.

Kisha wakafukia ghuba kwa mchanga,
wakajenga duka la maduka na maegesho
ambamo mtu hupotezana na gari lake.
Huku kwetu taa zikazimika moja moja.
Bucha ikakodisha kanda za video,
ikawa saluni, ikawa bure,
sasa inauza kahawa ya dola saba,
na kulabu za Oelrich bado zi darini
zimening'inizwa vyungu vya maua.
Lile duka kubwa nalo limekufa. Shakwe wanaliota jua.

Jana kijana kaleta raba za gundi tupu,
hazina hata uzi wa kufumua.
Nikamwambia haziponi. Akabaki,
anasubiri mvua ipite, anaiangalia cherehani:
"Ya zamani hiyo. Ya kwenu?"

Nje basi lilisimama. Dereva, mgeni wa mwezi mmoja,
akatangaza "Kituo!" kana kwamba anakiona.
Wakashuka watu wanne na mifuko yao.

Wanasema dawa ya deni kulipa.
Hawakusema dozi yake baada ya miaka themanini.
Nilifungua leja, ukurasa ule,
mbele ya dola nane nikaandika kwa penseli:
*bado.*

Kisha nikamjibu kijana.