Paja la Jumatatu

Lilikuja Jumatatu, mlango wa nyuma,
limefungwa kitambaa cheupe chenye herufi E pembeni:
paja la kondoo lililookwa jana
katika nyumba ambayo bado ina mshahara,
limeliwa nusu.
Mama hakuuliza. Herufi ile aliidarizi yeye,
mwaka alioolewa mdogo wake Eirlys.

Ulikuwa mwezi wa tisa wa mgomo.
Bonde letu huko Wales lilikuwa limenyamaza,
gurudumu la mgodi halizunguki,
na kila alfajiri basi moja lenye nyavu madirishani
lilipanda kilima na waliorudi kazini.
Meurig, mume wa Eirlys, alikaa kiti cha tatu.
Baba alikijua kiti kile. Alikitemea mate,
kisha akarudi kunywa chai ya rangi.

"Cha nyumba ile," alikuwa ameapa, "hakitapita kooni mwangu."

Basi Mama akalifanya paja lisiwe paja.

Aliniambia nifunge pazia.
Akabambua nyama mfupani mpaka mfupa ukawa kama chaki,
akakomba mafuta yaliyoganda, akayatia koponi
(yatakaanga viazi hadi Ijumaa),
akaifunga mashine ya kusagia pembeni mwa meza.
Mimi nilizungusha mpini.
Nyama ikatoka haina umbo, haina ukoo.
"Tegwen," akasema, "ulimi wako uuweke kabatini,
pale karibu na chumvi."

Usiku ule tulikula nyama ya kusaga
chini ya blanketi la viazi vilivyopondwa:
kitunguu kingi, karoti nyingi, nyama ya kuhesabu.
Baba alichota mara mbili.
"Umeipata wapi?"
"Kwa Probert mchinjaji. Vipande vya mwisho wa siku."
Probert alikuwa amefunga duka tangu Agosti.
Baba akatazama uma wake,
akala.

Yaliyobaki yakakunjwa ndani ya unga,
yakatoka jikoni kama nusu mwezi;
Idwal na Gethin walipigania ule ulioungua.
Na mfupa? Mfupa ulikuwa haujaanza kazi.
Ulitumbukizwa chunguni Alhamisi na shayiri,
njegere kavu, jani la kabichi lililochoka,
ukatokota kutwa, madirisha yakatoka jasho.
Bi Hopkin wa nyumba ya pili
alikuja kuazima kiberiti, akaondoka na bakuli.
Kiberiti alikisahau mezani.

Nilijifunza wiki ile kwamba nyama ni kama siri:
ukiigawa vizuri, inafika mbali,
na kila mtu hupata kipande asichokijua.

Ijumaa usiku nilishuka kunywa maji.
Baba alikuwa kwenye sinki, taa imezimwa,
mikono yake yenye makovu ya buluu ya makaa
imezama ndani ya povu.
Alikuwa anafua kitambaa.
Mama alikificha nyuma ya kopo la unga,
kumbe kopo la unga, siku zile, lilikuwa jepesi,
kila mtu alilisogeza kuona kama limejaa kwa muujiza.
Alisugua doa la mafuta karibu na E
kwa kidole gumba, polepole,
kama mtu anayefuta uso wa mtoto.
Nikapanda ngazi na kiu yangu.

Asubuhi bustani ilikuwa na mashimo matatu
palipokuwa na vitunguu liki vyake vya mwisho,
vile alivyokataa kuving'oa hata siku tulipokula mkate mkavu.
Juu ya ukuta wa Eirlys palikuwa na furushi jeupe.
Hakuna aliyesema neno. Mama alipiga pasi
shati ambalo halikuhitaji pasi.

Jumatatu, mlango wa nyuma ukagongwa,
mara mbili, kwa kucha.
Baba akasimama, akavaa kofia,
akatoka kwa mlango wa mbele,
mlango ambao nyumba yetu iliutumia
siku ya jeneza la bibi tu,
na ambao ulimgomea mpaka akaupiga bega.