Malkia Kumi na Mmoja

Deraya yangu nimeikata kwa madebe ya alizeti,
mawili ya Kibaigwa, moja la jirani,
na mgongoni, ukiinama, bado pameandikwa
LITA ISHIRINI. HIFADHI MBALI NA JUA.

Bodaboda wa Chang'ombe kaniangalia mara mbili.
"Dada, ulaze huo upanga, utanitoboa mgongo."
Upepo wa Julai, usiojua mheshimiwa wala mchuuzi,
ukatupiga vumbi mpaka Ipagala,
nikafika kama niliyetoka vitani kweli.

Ukumbi ulikuwa na harusi jana.
Vitambaa vya dhahabu bado vinaning'inia,
na herufi mbili za maua, L na N,
ambazo hatukuzishusha. Joka likapita chini yake
kama bwana harusi aliyechelewa.

Kiingilio elfu tatu na soda.
Mchawi wa Kondoa alivaa ndevu za katani;
zikapeperuka mlangoni, watoto wakazikimbiza.
Joka ni vijana watano wa chuo ndani ya mifuko ya mbolea,
mkia ukiomba radhi kila ulipogonga kiti.
Malkia tulikuwa kumi na mmoja.
Tulitazamana
kama wanawake waliokutana msibani na kitenge kimoja.

Ofisini kwangu Mtumba wananijua kwa majalada.
Hapa mtu nisiyemjua alinipigia magoti,
akaniuliza, Ngome ya Chumvi i salama?
Nikamjibu, salama, ila tumeishiwa mishale.
Tukacheka mpaka deraya ikalia.

Halafu akasimama Chiduo, miwani, shati lililopigwa pasi,
aliyeziona zote saba kwa lugha yake yenyewe,
akasema bila ubaya, kama anayesahihisha hesabu:
Pale langoni, sehemu ya tatu, Malkia hasemi kitu.
Anasimama tu. Theluji inaanguka.
Kimya, mpaka majina ya waigizaji.

Ukumbi ukapoa kama uji uliosahauliwa.

Maana sisi tulimsikia.
Banda la Kizota, mabenchi ya miguu mibovu,
shilingi mia mbili, jasho, karanga,
na Mbijima kwenye kipaza, aliyetutafsiria
mapanga, mapenzi, hata farasi:
Mlango haulindwi na kufuli, wanangu.
Unalindwa na aliyekubali kubaki nje.

Kauli hiyo niliilalia mimi usiku kucha
kwenye benchi la korido, hospitali ya mkoa,
mama yuko upande wa pili wa pazia la kijani,
nesi ananiambia, nenda nyumbani, huna unachosaidia.
Sikwenda.
Nilikuwa na khanga moja na maneno hayo.

Tukageuka. Mbijima alikaa kiti cha nyuma,
mgeni wa heshima, anakula zabibu mojamoja,
mbegu anazitemea kiganjani.
Akanyanyuka. Sauti imekwisha,
ya mtu aliyeshindana na jenereta miaka kumi.

"Mafuta yaliisha," akasema.
"Picha imekata, watu hamsini gizani, mnadai hela zenu.
Mlitaka niseme nini?"

Hakuna aliyecheka mwanzoni.
Kisha joka likacheka, kuanzia mkiani.

Mimi nilikuwa nakumbuka. Kweli, palikuwa giza.
Ule uso wa Malkia niliotembea nao miaka yote,
kidevu juu, jicho moja limevimba kwa kukesha,
hakuna aliyenionyesha.

Chiduo alikuja na daftari, miwani ameivua.
"Mzee, irudie taratibu, niandike."
Mbijima akafikiri, akatema mbegu.
Hakumbuki. Alisema mengi siku zile.

Basi tukaisema sisi, malkia kwa zamu,
huyu wa Bahi akaweka "komeo" palipo na kufuli,
yule wa Kikuyu kwake haukuwa mlango, ulikuwa moto,
na wa mwisho, binti wa miaka tisa mwenye taji la boksi,
akasema tu, "Nitabaki,"
akaketi.

Hakuna zilizolingana.
Chiduo aliandika zote.