Gari la Machungwa

Bedfodi ya Shekue imegoma tangu alfajiri,
machungwa ya Muheza mgongoni, tani saba,
na jua la Ngamiani halisubiri mtu.
Nafika na kapu la spana, watu wamekwisha hukumu.
"Pampu imekufa," asema muuza vipuri wa Barabara ya Kumi na Mbili,
ambaye, kwa bahati, anayo pampu.
"Lisukumwe," wasema vijana, mikono kiunoni.
Shekue hasemi. Anahesabu nzi.

Mimi huanza na kilicho hai.
Taa? Zinawaka. Honi? Inalia, kuku wa jirani wanaruka ua.
Nazungusha ufunguo: stata yabofya, ka, ka,
kama ulimi wa mtu anayekataa posa.
Basi moto upo, ila haufiki.
Vichwa vya betri vimeota ukoga wa kijani:
maji ya moto, magadi ya mpika maharage,
msasa, nakaza. Na ule waya wa chini
unaoshika chasi, ambao hakuna anayeukumbuka,
naukwangua hadi chuma kicheke.
Sasa inazunguka. Inazunguka kwa nguvu,
wala haiwaki.

"Nilisema," asema muuza vipuri.

Nyamazeni. Tazameni ekzozi.
Ingetoa moshi mweupe, ningesema dizeli inaingia, haishiki.
Hii haitoi kitu,
mdomo wa bomba mkavu kama wa aliyefunga.
Injini haiumwi. Haijala.

Nafuata chakula tangu chunguni.
Tangi: naingiza ufito, unatoka umelowa nusu.
Chujio: safi, nililibadili mwenyewe Shaabani.
Nalegeza skrubu ya upepo, napampu kwa kidole gumba,
dizeli yaja nzima, haina povu, yachuruzika hadi kiwikoni.
Kumbe hadi mlangoni mwa pampu chakula kipo.
Nahamia ng'ambo ya pili, nati za nozeli,
ya kwanza, ya tatu, ya sita.
"Zungusha!"
Kavu.
"Zungusha tena!"
Kavu zote.

Muuza vipuri anatoa simu kutaja bei.
Nikiri: moyo umenishuka.
Bei ile ni machungwa yote, na ya safari ijayo.
Marehemu baba angeshaifungua pampu, vipande vyote juu ya gunia;
mikono yake ilikuwa myepesi kuliko macho.
Yangu mizito. Ndiyo maana natazama.

Ubavuni mwa pampu kuna mkono mdogo wa chuma,
mkono wa kuzimia. Umelala nyuma.
Mbona umelala, na gari linaombwa liamke?
Naushika waya wake, naufuata kwa vidole
nyuma ya injini, tundu la mpira, hadi ndani ya kabini,
na pale, chini ya usukani,
kirungu cheusi kimevutwa nje,
na juu ya kirungu umening'inia mfuko wa Mhando, mlinzi wa usiku:
mkate nusu, tasbihi, tochi ya mawe matatu.

Nautungua. Nasukuma kirungu.
Nati nazikaza moja moja, dizeli ikitema.
Mara ya tatu linakohoa, linakohoa, linashika,
moshi mweusi unawafunika vijana
na machungwa yote yanatetemeka.

Kicheko chao kinafika sokoni.
Muuza vipuri anacheka kuliko wote, simu ingali mkononi.
Mhando kasimama, kaukumbatia mfuko.
"Panya," asema. "Humo ndani mna panya. Wanakula mkate wangu."
Kwa ngurumo ile hakuna amsikiaye ila mimi.

Shekue yu juu, anataka kuondoka.
Namwambia: ngoja, usizime.
Natafuta kapuni msumari wa inchi tatu,
naupigilia kwenye ubao wa nyuma ya kiti, juu,
mbali na kila kirungu.